Alishinda mara tatu, akaanguka mara sita: maisha ya Eugene Debs

Kule Marekani kuna watu ambao kila uchaguzi ukifika wanasimama kandida, na kila mara wanaanguka. Mara ya kwanza watu wanawasikiliza. Mara ya pili wanatikisa kichwa. Mara ya tatu wanawacheka tu, sawa vile wanamcheka mtu anayekuja kila mwezi kudai deni ambalo hakuna mwenye nia ya kulilipa. Leo tunawaeleza maisha ya mmoja wao, jina lake Eugene Victor Debs. Alisimama mara tano kutafuta kiti cha rais wa Marekani, na mara moja kutafuta kiti cha depite wa taifa. Zote sita alianguka. Mara ya mwisho alikuwa kandida akiwa ndani ya buloko.

Lakini kabla ya kuanguka mara sita, huyu mzee alikuwa amekwisha kushinda mara tatu, katika siasa ya mji wake na ya jimbo lake. Sisi tunaona kwamba mtu akitaka kufahamu juu ya nini Debs alikubali kuanguka miaka yote ile, lazima aanze kule alikoshinda.

Kijana wa treni

Debs alizaliwa tarehe 5 Novemba 1855 katika mji wa Terre Haute, jimbo la Indiana. Jina la mji ni la Kifaransa, na wazazi wake pia walitoka Ufaransa, kule Colmar katika Alsace. Baba Jean Daniel na mama Marguerite walikuwa na duka dogo la chakula. Baba alipenda vitabu kuliko biashara, na mtoto wake alimpa majina ya waandishi wawili wa Kifaransa, Eugène Sue na Victor Hugo.

Alipofika miaka 14 aliacha masomo na kuingia kazi ya njia ya reli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukwangua mafuta machafu na rangi ya zamani kwenye mashine za treni, kwa senti 50 kwa siku. Kiisha wakamweka kuwa mtu wa kutia makaa ndani ya moto wa mashine. Wale wanaojua kazi ya moto na chuma hawana haja ya kuelezwa sana. Usiku baridi inakupiga mgongoni na moto unakuchoma usoni, treni inatikisika, na ukiteleza njo mwisho wako. Zamani zile mtu wa treni akikatwa mguu, aliambiwa kwamba hatari ile aliikubali mwenyewe siku alipoingia kazini. Akikufa, mara nyingi mjane alibaki na nguo za marehemu tu.

Mwaka 1874 Debs aliacha mashine, maana mama yake alimwomba sana. Akawa karani katika nyumba kubwa ya biashara ya chakula. Mikono ikawa safi, lakini moyo ulibaki paka kwa wenzake wa treni. Mwaka uliofuata, wakati chama cha watia makaa kilifungua tawi pale Terre Haute, alijiandikisha, na wakamfanya karani wao. Chama kile hakikuwa cha vita. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mgonjwa, kumzika aliyekufa na kumpatia mjane kitu kidogo. Mwaka 1880 Debs akawa katibu na mshika pesa wa chama kizima, na mwandishi mkubwa wa gazeti lake.

Ushindi wenye mikono mitupu

Mwaka 1879 chama cha Demokrati kilimsimamisha kuwa karani wa mji wa Terre Haute, akashinda. Mwaka 1881 akashinda tena. Mwaka 1884 akachaguliwa kuwa depite katika baraza la jimbo la Indiana. Alikuwa na miaka 29, mrefu, mwembamba, mwenye kusema vizuri na kucheka na kila mtu. Watu wengi walifikiri kwamba huyu atafika mbali.

Mwanzo wa 1885 alikwenda Indianapolis, mji mkubwa wa jimbo, na sheria moja aliyotaka ipite: kampuni ya treni imlipe mfanyakazi wake aliyeumia kazini. Hakuna jambo alilolijua zaidi ya lile. Baraza la madepite liliikubali. Ilipofika kwa maseneta, waliikata huku na huku mpaka ikabaki karatasi yenye kichwa bila mwili. Debs aliona ni afadhali kuiondoa.

Akamaliza muda wake, akarudi nyumbani, na hakuomba tena kiti kile. Mwaka ule ule alioa Kate Metzel, hawakupata mtoto. Tuangalie vizuri ile hesabu. Alikuwa ameshinda. Alikuwa na kiti, mshahara na heshima mbele ya watu. Na mjane wa mtia makaa alibaki vile vile alivyokuwa. Njo pale, tunafikiri, alianza kuona kwamba kuna kushinda kusikobadilisha kitu, na kwamba depite mmoja mwenye roho nzuri ndani ya baraza la watu wa kampuni ni sawa chumvi kidogo katika mto.

Sendika moja kwa wote

Wafanyakazi wa treni walikuwa na vyama vingi. Waendesha mashine walikuwa na chao, watia makaa chao, watu wa breki chao. Kundi moja likifanya greve, lingine liliendelea na kazi, na kampuni ilicheka. Juni 1893, pale Chicago, Debs na wenzake waliunda American Railway Union, sendika moja kwa watu wote wa reli, hata mfagiaji. Aliacha nafasi nzuri katika chama cha zamani ili aongoze kitu ambacho hakikuwa bado na pesa.

Aprili 1894 sendika ilifanya greve kwa kampuni ya Great Northern, na baada ya siku 18 ikapata karibu yote iliyoomba. Watu wakakimbilia kujiandikisha. Lakini mara ikaja habari ya Pullman.

Pullman ilikuwa kampuni ya kutengeneza mabehewa ya kulala, karibu na Chicago. Ilikuwa na mji wake yenyewe: nyumba za kampuni, maduka ndani ya majengo ya kampuni, hata jengo la kanisa ni la kampuni. Shida ya pesa ya 1893 ilipokuja, kampuni ilipunguza mishahara karibu robo. Pesa ya nyumba haikupunguza hata senti. Walikuwako wafanyakazi ambao, loyeri ikishakatwa, walirudi kwa mke na watoto na senti za kuhesabu kwa vidole. Mei 1894 wakaacha kazi. Debs aliogopa, maana sendika ilikuwa bado changa. Lakini wanachama waliamua, na tangu tarehe 26 Juni hawakukubali kusogeza treni yoyote yenye behewa la Pullman. Watu kama 250,000, katika majimbo 27, waliingia ndani ya mgomo.

Serikali ilisema kwamba treni zinabeba barua za posta, na barua haziwezi kusimama. Tribinali ikatoa amri ya kuwakataza viongozi wa sendika hata kuandika telegramu ya kuongoza greve. Rais Cleveland akatuma maaskari Chicago, hata kama gavana wa jimbo la Illinois alikataa. Watu wengi walikufa. Greve ikavunjika, wagomaji wengi majina yao yakaandikwa kwenye orodha ili wasipate tena kazi ya reli mahali popote, na sendika ikafa.

Kuna jambo moja hatutaki kulificha. Ile sendika ya watu wote haikuwa ya watu wote. Katika mkutano wa Juni 1894 Debs aliomba watu weusi wa reli wakubaliwe kuingia. Wanachama walipiga kura, na kwa kura chache wakakataa. Kwa hiyo wakati greve ilihitaji kila mkono, sendika ilikuwa imekwisha kufunga mlango mbele ya wafanyakazi weusi. Debs hakusahau kosa lile. Baadaye, alipokuwa kandida, alikataa kuhutubia mikutano iliyotenga weusi na weupe. Lakini mwaka 1894 ubaya ulikuwa umekwisha kufanyika.

Yeye mwenyewe alihukumiwa miezi sita, juu ya kutotii amri ya tribinali. Aliifanya mwaka 1895 katika gereza dogo la Woodstock, Illinois. Alisoma sana mule ndani, watu wakamletea vitabu vya mawazo ya kisosialisti. Siku aliyotoka, tarehe 22 Novemba, watu zaidi ya 100,000 walimngoja Chicago ndani ya mvua.

Kandida wa kuanguka

Mwaka 1900 alikubali mara ya kwanza kusimama kuwa rais, kwa jina la wasosialisti. Hapa lazima tueleze namna ya uchaguzi wa Marekani. Raia hamchagui rais moja kwa moja. Kila jimbo lina wajumbe wake, nao njo wanamchagua rais. Na karibu kila jimbo, yule anayetangulia, hata kwa kura moja, anachukua wajumbe wote. Wa pili na wa tatu hawapati kitu. Debs alijua hesabu ile. Katika safari zake tano hakupata mjumbe hata mmoja.

Lakini kura za raia zenyewe zilihesabiwa, na zilipanda. Mwaka 1900 alipata kama 88,000. Mwaka 1904 zikapita 400,000. Mwaka 1908 chama kilikusanya pesa ndogo ndogo za wafanyakazi, kikakodi treni iliyoitwa treni nyekundu, na Debs akazunguka nchi nayo, akisema mara nyingi kwa siku mpaka sauti ikapotea. Kura zikapita 420,000. Mwaka 1912 zikapita 900,000, karibu sita kwa kila mia.

Ni nani waliompigia? Tuangalie jimbo la Nevada, jimbo la migodi ya fedha, dhahabu na shaba: mwaka 1912 alipata kura zaidi ya 16 kwa kila mia. Oklahoma, kwa wakulima wasio na udongo wao, vile vile. Kule Butte, mji wa shaba katika jimbo la Montana, raia walichagua mkubwa wa mji msosialisti mwaka 1911. Katika miaka ile wasosialisti zaidi ya elfu moja walikuwa na viti vya miji na vya majimbo. Kandida wa juu alianguka, lakini chini yake wengine walikuwa wanaingia.

Na wachimbaji walimjua kwa sura, si kwa gazeti tu. Mwaka 1897 alikuwa amekwenda West Virginia kusema na watu wa makaa ya mawe waliokuwa katika greve. Mwaka 1905 alikuwa Chicago pamoja na sendika ya wachimba madini ya magharibi wakati wa kuunda IWW, sendika iliyotaka kukusanya kila fundi na kila mbeba mzigo, bila kuangalia rangi.

Haina maana kwamba walimpenda kila siku. Mwaka 1913 wachimba makaa wa Paint Creek na Cabin Creek, West Virginia, walikuwa wamefukuzwa katika nyumba za kampuni na kulala na watoto ndani ya hema. Viongozi wao walifungwa chini ya sheria ya kijeshi, pamoja na mama mzee aliyeitwa Mother Jones. Chama kilimtuma Debs na watu wawili kwenda kuangalia. Walisema na gavana, kiisha wakatoa taarifa iliyompunguzia gavana lawama. Watu wa pale walikasirika sana. Waliona kwamba yule aliyekuja kama ndugu alisikiliza zaidi ofisini kuliko ndani ya hema. Tunafikiri walikuwa na haki ya kukasirika.

Kulikuwa na lawama nyingine, na hii ilimfuata miaka yote. Watu walisema: mfanyakazi anayempa Debs kura anaitupa kura yake. Afadhali achague, kati ya wakubwa wawili, yule mwenye ubaya kidogo. Si neno la kijinga, na watu wengi wenye akili walilisema. Debs alijibu kwamba ni afadhali kuomba kitu unachokitaka na kukikosa, kuliko kuomba usichokitaka na kukipata. Kwake yeye kampanye ilikuwa namna ya kuwaonyesha wafanyakazi wenyewe ni wangapi. Mtu aliye peke yake ndani ya shimo hajui wengine wanafikiri nini. Kura zikihesabiwa, anajua.

Programu ya chama chake ya 1912 iliomba nini? Watoto wenye miaka chini ya 16 wasitumikishwe. Migodi na viwanda vikaguliwe. Saa za kazi zipunguzwe. Wanawake wapige kura. Mzee apewe pensheni, asiye na kazi asaidiwe. Vyama vikubwa viliona zile kura 900,000 na kuanza kuokota kitu kimoja kimoja. Mwaka 1916 Rais Wilson alitia sahihi sheria ya saa nane kwa watu wa treni. Mwaka 1920 wanawake wa nchi nzima walipata kura. Pensheni na msaada wa wasio na kazi vikaja 1935, sheria ya kukataza kazi ya watoto 1938, wakati Debs alikuwa kaburini. Hatusemi kwamba alivileta yeye peke yake. Watu wengi walipigana, na wengine walikufa. Lakini alivisema zamani, wakati kuvisema kulikuwa kuchekwa.

Mwaka 1916 hakusimama kuwa rais. Alisimama nyumbani, Terre Haute, kutafuta kiti cha depite wa taifa. Alikuwa wa pili.

Kandida namba 9653

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika vita vya dunia, na sheria ikatoka ya kumfunga mtu anayezuia kuandikisha maaskari. Tarehe 16 Juni 1918, Debs alikwenda Canton, jimbo la Ohio. Kwanza aliwatembelea wenzake watatu waliofungwa pale. Kiisha akasimama mbele ya watu na kusema kwamba siku zote wakubwa njo wanatangaza vita, na wadogo njo wanakwenda kufa, bila kuulizwa. Watu wa serikali walikuwapo, wanaandika. Alijua.

Septemba ile, tribinali ya Cleveland ilimhukumu miaka kumi. Hakuleta mashahidi, na hakukana neno hata moja. Machi 1919 tribinali kuu ilikubali hukumu ile, na Aprili akaingia kifungoni, mzee wa miaka 63, mwenye moyo mgonjwa. Walimweka Moundsville, West Virginia, kiisha wakamhamisha Atlanta. Akawa mfungwa namba 9653.

Mwaka 1920 chama kilimsimamisha tena. Kandida gani huyu, asiyeweza kutoka nje ya ukuta? Alipewa ruhusa ya kutoa maneno machache tu kila wiki kwa magazeti. Wenzake walitengeneza medali ndogo zenye sura yake katika nguo za mfungwa, na ile namba. Kura zikapita tena 900,000. Tuseme kweli: wapiga kura walikuwa wameongezeka sana, kwa hiyo sehemu yake ilishuka, karibu tatu na nusu kwa mia. Ile chama ilikuwa imekwisha kupasuka. Lakini ni watu 900,000 waliompa kura mtu ambaye serikali ilimwita msaliti.

Vita vilikuwa vimekwisha, na bado Wilson alikataa kumwachilia. Aliyemwachilia ni Harding, mtu wa chama kingine, siku ya Noeli 1921. Alipotoka, mkubwa wa gereza aliwaruhusu wafungwa waje mbele, na zaidi ya elfu mbili, weupe na weusi, wakampigia kelele ya kumwaga. Debs aligeuka nyuma, akalia. Kesho yake alipokewa na Harding mwenyewe katika nyumba ya rais, kiisha akarudi Terre Haute, ambako Kate alimngojea. Haki zake za uraia hakurudishiwa.

Gereza lilikuwa limemaliza nguvu yake. Alikufa tarehe 20 Oktoba 1926 kule Elmhurst, karibu na Chicago, na miaka 70. Nyumba yake ya Terre Haute leo ni museo.

Tunarudi kidogo kwenye ile sheria ya 1885, ile iliyokatwa na maseneta wa Indiana. Mwaka 1908 baraza la taifa la Marekani lilipitisha sheria ya watu wa treni: mfanyakazi akiumia juu ya uzembe wa kampuni, yeye anaweza kudai malipo, na akikufa, mjane wake na watoto wanaweza kudai. Ilikuwa imepita miaka 23. Debs hakuwa depite, na jina lake halikuandikwa mahali popote katika sheria ile. Mwaka ule alikuwa ndani ya treni nyekundu, anaomba kura kwa mara ya tatu, akijua kwamba ataanguka.